Vigae vya Mbayuwayu

Longmont, Colorado
Jumapili, baada ya misa

Kwako mdogo wangu Presciliana,

Nakusalimu kwa moyo wote, na kabla sijasema lolote nataka kujua habari za tumbo lako. Ule mshono umekauka? Umeacha vitu vya mafuta, au bado unamdanganya daktari? Mwanao Adonais aliniambia umeanza kupasua kuni mwenyewe, nami nikamjibu kwamba kama ni kweli nitakuja Antonito kwa miguu nikunyang'anye shoka. Sisi huku hatujambo. Magoti yangu yananipa habari za theluji kabla ya redio, lakini mikono bado inashona, na uzi natia kwenye tundu la sindano bila miwani, jambo ambalo Bernice Tafoya hawezi kulisema. Rosenda wangu naye ni mzima wa mwili. Nimeandika "wa mwili" kwa makusudi, utaelewa huko mbele.

Ujumbe wako kuhusu gauni la ubatizo nimeupata. Umesema Adonais na mkewe Kaylene wameshaongea na padri, kwamba mtoto atabatizwa huko kwenu kabla ya ndugu kutawanyika na kazi za kiangazi, na kwamba Rosenda ndiye atakayembeba kisimani awe mama yake wa ubatizo. Ukauliza gauni ulitume lini nilipunguze mabega, kama nilivyolipunguza kwa kila mtoto wa ukoo huu, wa kwangu na wa kwako. Presi, usilitume bado. Soma kwanza barua hii mpaka mwisho, tena uisome ukiwa peke yako. Adonais akiwa ameshafika hapo nyumbani, mtume dukani. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia mimi, ungelia wewe, na tungeagana hakuna aliyesema kitu.

Lakini mimi siwezi kuanza na huzuni, unanijua. Acha nijisifu kwanza.

Mbayuwayu amemaliza majaribio yake. Najua wahandisi wanasema "chombo cha anga", mimi namwita kama mtu, maana nimemsikia mezani kwangu miaka yote hii kuliko nilivyowasikia baadhi ya wakwe. Walimpeleka Ohio, wakamfungia katika chumba kikubwa kisicho na hewa hata ya kuwashia kibiriti, wakamgandisha, wakamchoma, wakamtikisa kama unavyopepeta maharage, na akatoka mzima. Siku aliporudi kiwandani, familia za wafanyakazi tulialikwa kwenda kumwona. Nilivaa lile koti la bluu la harusi ya Kaylene. Yeye ni mdogo kuliko unavyofikiri, hazidi basi la shule, mabawa yake mafupi yameinuka kwa juu, pua butu, na tumbo jeusi lote limepangwa vigae kama sakafu ya kanisa. Tuliwekewa kamba tusimguse. Nikamuuliza Rosenda, vya kwako ni vipi? Akasema, "Mama, popote utakapotazama kipo changu." Basi nikatazama popote, nikawaambia na watu waliokuwa pembeni yangu, na mwingine aliyekuwa mbali kidogo nikamwita.

Padri wenu aliniuliza mwaka jana kwa nini watu wahangaike na chombo chenye mabawa wakati viko vingine vinavyopeleka mizigo kwenye kile kituo cha anga. Nilimjibu vibaya kwa sababu nilikuwa na tamale mdomoni. Mwambie hivi: vile vingine vingi, vikishashusha chakula na maji na nguo za wale wanaoishi kule juu, hujazwa takataka, vikaachiwa viungue vikianguka. Safari moja, basi. Mbayuwayu anarudi. Anatua kwenye uwanja wa ndege wa kawaida, taratibu, hata mwenye yai mkononi asingelipasua, anafutwa, anapakiwa upya, anakwenda tena. Ndiyo maana wakampa jina la ndege anayerudi kwenye kiota chake cha mwaka jana. Na katika kurudi huko anapita kwenye moto mkali kuliko tanuri lolote, na kinachomkinga na moto huo ni vigae, na vigae vinabandikwa na binti yangu kwa mkono, kimoja kimoja, kila kimoja na umbo lake na namba yake. Tangu aanze kazi ile hajapaka mafuta mikononi, maana ngozi yenye mafuta inaharibu gundi. Mikono yake imekauka kama ya bibi yetu. Mimi nawaambia watu wa parokia: ukitaka kujua mkono wa heshima, usitafute wenye pete.

Bernice, ambaye mwanawe ni daktari wa meno, aliwahi kuniambia mbele ya kina mama wote kwamba kubandika vigae ni kazi ya bafuni. Nikamwambia ni kweli kabisa, ila bafu letu linazunguka dunia, na meno ya mwanao yatabaki hapa chini yakingoja uzi wa kuyasafisha. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hayo yalikuwa maisha yangu, Presi. Nilikuwa na jibu la kila mtu.

Sasa ngoja nikueleze desturi moja ya pale kiwandani, maana bila hiyo hutaelewa yanayofuata. Pale, mtu yeyote, hata anayefagia, akiona jambo halipo sawa anaruhusiwa kuinua mkono na kusema kazi isimame. Ikisimama imesimama, hata mkubwa wa wakubwa hawezi kuiendesha mpaka jambo lichunguzwe. Na aliyeinua mkono hatajwi. Anaingia chumba cha msimamizi, anasema alichosema, mlango unafungwa, na jina lake linabaki humo. Rosenda alinieleza desturi hiyo wiki yake ya kwanza, macho yanang'aa, kama mtu aliyeajiriwa mbinguni. Mimi nikaona ni jambo zuri sana. Sikujua kwamba jambo zuri linaweza kuingia nyumbani kwako na kukaa kitako.

Yaliyotokea majira ya baridi wewe unayajua kwa upande wa Adonais, maana naye alikuwa akibandika vigae pale, kwa hiyo sitakurudishia yote. Unajua kwamba kazi ilisimamishwa ghafla, kwamba msimamizi alikuja na watu wake wakavivuta vigae vya upande wa kushoto wa tumbo, na kwamba vingine, ambavyo mwanzoni vilikuwa vimepita kipimo, safari hii vilitoka kwa nguvu kidogo tu, kama plasta kwenye ngozi yenye jasho. Unajua namba zilionyesha ni mkono wa Adonais. Na unajua kwamba alipoulizwa hakuficha. Alisema kweli kwamba Ijumaa ile uliyopasuliwa pale Alamosa, redio ikisema theluji itafunga njia ya milimani, yeye alitemea mate kwenye kikombe cha gundi ili ishike upesi, vigae vipite kipimo kabla ya zamu kuisha, naye awahi kuwa kando ya kitanda chako. Aliwahi. Ulipofungua macho ulimwona yeye. Kwa hilo sitamlaumu mpaka kufa kwangu, na wewe usijilaumu kwa kuugua, maana nakujua, umeshaanza.

Wala hakulibuni. Baba yetu alitemea mate kwenye udongo wa kila ukuta aliopiga lipu katika bonde lile, na kuta zake zimesimama. Adonais alikua akimshikia ndoo. Mtoto anachukua anachokiona.

Baada ya hapo ikabidi vigae vyote vya upande ule vibanduliwe, sehemu ile isuguliwe, vipimwe, vibandikwe upya. Baridi yote ikaishia hapo. Kulikuwa na mambo mengine pia, injini nazo zilikuwa na visa vyake, wala sitaki mtu aseme ni mate peke yake. Lakini wenye kile kituo walikuwa wameshasubiri miaka. Kituo chenyewe kimezeeka, nacho kina siku zake. Wakasema hawawezi kuendelea kumtengea nafasi mgeni asiyefika. Kwa hiyo Mbayuwayu ataruka, Presi, lakini kituoni hatatia mguu. Atapanda, atazunguka, atashuka, ili aonyeshe kwamba anaweza. Mzigo hana. Ni kama mtu aliyeshonewa nguo ya harusi akaambiwa apite nje ya ukumbi, apunge mkono, arudi kwao. Na kama hakuna mizigo ya kupeleka, hakuna haja ya watu wengi wa kumhudumia, na ndiyo maana waliita majina ya wanaoachishwa kazi siku ile, na jina la Adonais likawa miongoni mwa ya kwanza.

Hayo unayajua. Usiyoyajua ni haya.

Jumapili ile aliporudi kutoka kwako hospitalini, Adonais alikuja kula kwangu. Nilikuwa nimepika supu ya mahindi na nguruwe, na pilipili zetu za kijani nilizozichoma mwenyewe. Alikuwa na furaha kwa sababu ulikuwa umeamka salama, na mtu akiwa na furaha mdomo unafunguka. Akatusimulia habari ya mate, anacheka. Akasema, "Mama mkubwa, mate yetu sisi kina Quintana yanashika kuliko gundi yao ya miaka kumi ya utafiti." Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamwambia babu yake angemvulia kofia. Nakuandikia ili ujue kwamba nami nilikuwepo, nami nilicheka, sikuelewa nilichokuwa nakichekea.

Rosenda hakucheka. Aliweka kijiko chini, akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Vingapi?" Adonais akamwambia vya Ijumaa ile tu, na vyote vimepita kipimo, asiwe na wasiwasi kama bibi kizee. Akasema ndani yake hamna mtu, ni soksi na maharage yanapelekwa. Rosenda akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo bado vilikuwa visafi.

Wiki nzima hakuongea nami zaidi ya ndiyo na hapana. Alikuwa akirudi kazini anazima gari mbele ya nyumba na kubaki ndani yake. Nilimtazama kupitia pazia la jikoni, mikono yake kwenye usukani, chakula kinapoa. Nilifikiri ni mwanamume. Nikawa nampangia maneno ya kumfariji kuhusu mwanamume ambaye hayupo. Siku aliyoinua mkono hakuniambia. Aliniambia baada ya vigae kubanduliwa, amesimama mlangoni hajavua viatu vyenye theluji. Alisema, "Mama, ni mimi." Akanieleza kwamba jina la Adonais hakulitaja, wala mate hakuyataja, alisema tu kwamba vigae vya upande ule vya Ijumaa ile vivutwe tena. Lakini kila kigae kina namba, na namba haihitaji kutajiwa jina.

Basi ndilo hilo, mdogo wangu. Aliyemtoa mwanao kwenye kazi yake ni mwanangu. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine, na mara zote tatu nikaichana.

Nilimuuliza swali ambalo wewe unajiuliza sasa hivi. Kwa nini hakumwendea kaka yake kwanza? Akanijibu kwamba angemwendea, Adonais angevirekebisha kimyakimya peke yake, maana ana moyo wa kurekebisha, na katika kurekebisha angesahau kimoja. Kimoja tu kinatosha. Moto ukipata tundu hauulizi kama ndani mna mtu au mna maharage, na Mbayuwayu akirudi anapita juu ya mapaa ya watu, na siku moja wanasema vya namna yake vitabeba watu pia. Hayo yote alinieleza kama mtu anayesoma. Halafu akasema, "Lakini ningeweza kumwambia nakwenda kusema. Hilo ningeweza, Mama. Niliogopa uso wake." Hapo ndipo anapoumia. Hajutii mkono, anajutia kwamba aliuinua bila kumtazama. Mimi nikitaka kumwambia hakukosea, anasema najua sikukosea. Nikitaka kumwambia alikosea, siwezi, maana si kweli. Sasa mama afanye nini hapo? Nikamletea soksi kavu.

Tangu siku hiyo nimekaa kimya. Mimi, Erlinda, ambaye mama alisema nilizaliwa nikiongea. Bernice alikuja kunikalia pembeni kanisani akasema amesikia kuna mtu mmoja kiwandani kaharibu riziki ya mji mzima kwa umbea. Mdomo wangu ulijaa jibu, Presi. Jibu bora kuliko yote niliyowahi kumpa. Maana katika yote aliyoyafanya binti yangu, vyeti na beji na picha yake ile kwenye gazeti la kiwanda niliyoitia fremu, hakuna kubwa kuliko hili, na hili ndilo peke yake nisiloweza kujisifia. Nikameza. Nikamuuliza habari za mwanawe wa meno.

Adonais, kama unavyojua, anaamini aliyeinua mkono ni mzee Curtis, mfanyakazi mwenzao. Ile hadithi ya mate alikuwa ameisimulia pia kwenye chumba cha chai, kwa wale wanaume aliofanya nao kazi, ana mdomo wa upande wetu. Wote walidhani ni mzaha. Lakini Curtis ni mtu wa kanisa jingine, hacheki ovyo, anakula chakula chake akisoma, basi Adonais akaona ni yeye. Akaacha kumsalimu, na wengine walioachishwa kazi wakaacha kumsalimu pia. Rosenda anasema mzee yule sasa anakula peke yake ndani ya gari. Alimwendea siku moja akakaa naye humo. Hakuweza kumwambia kitu. Walikula machungwa. Wakati anashuka, Curtis akamwambia asijali, yeye ameshaitwa majina mabaya kuliko hilo. Rosenda alivyorudi nyumbani siku hiyo aliingia moja kwa moja kitandani na koti lake.

Nikamwambia, mwambie Adonais sasa, wote tutakuwa pamoja hapa, mimi nitasimama katikati. Akakubali. Jumapili iliyofuata nilipika tena. Rosenda alikuwa amejipanga, nilimwona akisema maneno peke yake mbele ya friji. Adonais akaja na Kaylene na mtoto. Kabla hajavua kofia akamweka mtoto mikononi mwa Rosenda, akasema, "Dada, tumeongea mimi na mama yake. Hatumtaki mwingine. Wewe ndiye utamsimamia, kwa sababu mtoto anatakiwa awe na mtu mmoja ambaye hatamdanganya." Mtoto akamshika Rosenda kidole, kile kile kikavu, akakaza. Rosenda akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. Nilikuwa nimesimama na upawa mkononi, supu inadondokea sakafuni.

Tukala. Wakati wa kula Adonais akarudia habari zake. Alisema hana kinyongo na kiwanda, kosa lilikuwa lake. Alisema, "Nimjue tu huyo mtu, mama mkubwa. Sitampiga. Nitamuuliza swali moja, basi. Kwa nini hukuja kwangu?" Akachukua mkate. Rosenda alikuwa anambembeleza mtoto, amegeukia dirisha. Kaylene akasema mtoto amempenda shangazi yake, tazama alivyotulia. Na ndivyo ilivyoisha Jumapili ile. Waliondoka na masufuria yangu mawili na pilipili kwa ajili yako, utakuwa umezipata.

Sasa nitakwambia kwa nini nakuandikia mimi, wakati Rosenda hajui kwamba nakuandikia. Unakumbuka ulivyonipigia simu wiki ile waliyoita majina? Ulikuwa umelia, sikulaumu. Ulisema mtu aliyeinua mkono juu ya mwanao, mkono wake ukauke. Mimi nilikuwa nimeshika simu, na Rosenda alikuwa mbele yangu, meza ya jikoni, anajifunga plasta kwenye vidole vilivyopasuka kwa baridi. Simu yangu inasikika, unajua ninavyoiweka sauti juu. Alisikia. Hakuinua uso. Alimaliza kufunga kidole, akakata plasta kwa meno, akaniuliza kama nawe umeshakula.

Sikulaumu, Presi. Ningekuwa wewe ningesema mabaya zaidi, nina mdomo mkubwa kuliko wako. Lakini mkono ule ndio unaotaka ubebe mjukuu wako kisimani, na Rosenda anasema hawezi kumbeba mtoto mbele ya padri huku baba yake hajui. Na hawezi kumwambia baba yake, amejaribu, nimemwona akijaribu. Mimi nami siwezi kumwambia, si siri yangu. Na sasa nimekwisha kuitoa kwako, kwa sababu wewe ndiye mtu pekee duniani niliyekuwa nikimwambia kila kitu tangu tukilala kitanda kimoja, na nimechoka kuongea nawe kwenye simu kuhusu hali ya hewa.

Sijui nikuombe nini. Siwezi kukuomba msamaha, maana nitakuwa nasema binti yangu alitenda vibaya, na sitasema hivyo hata mbele ya askofu. Siwezi kukuambia ufurahi. Adonais ni mwanangu, nilimwogesha nilivyomwogesha Rosenda, na ninamwona amekaa kwangu anakunja na kukunjua kofia ya kiwanda ambayo hana tena haki ya kuivaa. Niko katikati yao na sina kifaa cha kufanyia kazi. Ingekuwa ni nguo ningejua nianzie wapi kufumua.

Mbayuwayu aliondoka juzi, kwa lori, amefunikwa turubai jeupe, kwenda Florida kungojea roketi yake. Rosenda aliniomba twende kumwona akipita. Tulisimama kando ya barabara na watu wachache, wengine ni wale walioitwa majina, wamekuja hivyo hivyo, na Adonais alikuwepo, upande wa pili. Lori lilipotufikia akavua kofia. Rosenda akanishika mkono. Sikujua ananishika kwa sababu ya chombo au kwa sababu ya kaka yake, sikuuliza. Lilipita polepole sana, na baadaye barabara ikawa barabara tu. Adonais akavuka kuja kwetu akamwambia Rosenda, "Vitashika, dada. Vyako vitashika." Akamwambia hivyo, Presi, kwa nia njema kabisa.

Basi amua wewe. Adonais atawafuata Kaylene na mtoto hapo kwako kufikia mwisho wa wiki, anahamia na vitu vyake vyote. Ukitaka kumwambia, mwambie, wewe ni mama yake, utajua saa ya kumwambia, asubuhi akiwa ameshiba au jioni akiwa amechoka. Ukimwambia, mwambie na habari ya Curtis, amwandikie mzee yule neno moja. Ukiona usimwambie, sawa. Ukiona hutaki tena Rosenda ambebe mtoto, nalo ni haki yako, mimi nitatafuta la kumwambia, ingawa sijui litakuwa lipi.

Lakini kama baada ya kusoma haya bado unamtaka, fungua sanduku la mama ulitoe gauni ulitume. Usiandike kitu, wala usipige simu, weka gauni peke yake. Nikiliona nitaelewa, na nitamwonyesha Rosenda, naye ataelewa, maana ndilo alilovaa yeye, na mwaka uliofuata akavaa Adonais, na doa lile la mafuta ya krisma kwenye kola ni la mmoja wao, hatukuwahi kujua la nani.

Nisalimie Kaylene na umbusu mtoto kwenye nyayo. Wasalimie majirani wote wa barabara ile, hata yule mwenye mbwa. Kula vizuri, kuni waachie wanaume. Usinikasirikie mpaka tuonane. Nikishakuona unaweza kunikasirikia, nitakaa kimya, siku hizi najua jinsi ya kukaa kimya.

Ni mimi dada yako anayekupenda,

Erlinda

Gari la posta hupita huku kabla ya saa sita mchana. Uzi mweupe nimeshanunua.